Mbwa Aliyehesabiwa Badala Yangu

Siku moto ulipotufikia, familia yangu ilihesabiana ikakuta watu wote wanne wapo salama.

Mimi nilikuwa bado ndani ya stoo, nimezibiwa mlango na kochi.

Kabla hamjaanza kuniuliza kwenye komenti: ndiyo, niko hai, nayaandika haya kwa vidole vyangu mwenyewe. Na ndiyo, mbwa naye mzima. Tena mbwa ndiye aliyehesabiwa badala yangu.

Nasimulia mimi mwenyewe kwa sababu mke wangu kasema nisipoitoa hii habari ataitoa yeye, na yule mwanamke hana huruma.

Mimi ni fundi wa makochi. Natengeneza mapya, navalisha yaliyochakaa, na nikitembelea nyumba ya mtu nakaa nikibonyeza mto wa kiti badala ya kunywa chai.

Nyumba yetu ni ya mwisho mtaani. Ukitoka uani tu umeanza kupanda kilima, nyasi zinakufika kiunoni, juu yake mikaratusi. Nyuma ya nyumba nilijenga stoo ya mbao, ndiyo karakana yangu. Ndani kuna sponji, vitambaa, mbao na makopo ya gundi. Nyuma ya stoo nilirundika magunia ya vipande vya sponji, maana fundi hatupi kitu.

Moto ungeombwa uchague pa kupanga, ungechagua kwangu na kodi ungetanguliza ya mwaka.

Basi mwaka jana mama mkwe akahamia kwetu.

Huyu mama alifanya kazi msituni miaka ishirini na sita, akiongoza kikosi cha kuzima moto. Moshi ulimla macho taratibu. Siku hizi anaona vivuli tu, na kitu kikiwa mbali zaidi ya hatua tano ndiyo basi tena. Lakini pua! Pua yake inajua ulichokula jana.

Siku aliyofika hakuomba maji wala kiti. Alisimama uani na fimbo yake, akavuta hewa kama anaonja mchuzi.

"Baba," akaniambia, "hapa patawaka."

"Wapi, mama?"

"Hapa. Kiangazi hiki au kijacho."

Nikamwambia karibu sana mama, jisikie nyumbani. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Kuanzia siku hiyo nikampa jina moyoni: Jenerali.

Kesho yake amri zikaanza kushuka. Hatua kumi kuzunguka nyumba zifyekwe hadi udongo uonekane. Kuni zisiegemee ukuta. Majani makavu yatolewe kwenye mifereji ya paa. Matundu ya hewa chini ya dari yazibwe kwa wavu wa chuma.

"Mama, moto utapitaje kwenye kitundu kile?" nikauliza.

"Moto hauji kwa miguu, baba. Unatanguliza cheche. Cheche haitafuti mlango, inatafuta jani moja kavu."

Nikafyeka. Sina ubishi wa kijinga, mimi. Ubishi wangu huwa na mpango.

Nilifyeka mbele, nikafyeka pembeni, nikafika kwenye stoo nikaweka panga chini. Kuhamisha yale magunia yote ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na nilikuwa na viti vya watu.

"Na huko nyuma ya stoo?" Jenerali akauliza kutoka barazani. Alihesabu mapigo ya panga, yule mama.

"Nitamalizia kesho."

Kesho yangu ilichukua miezi minne.

Likaja begi la moto. Vyeti vya wote, dawa zake za macho, maji, tochi, taulo nne, nguo za pamba. Nilitaka kuweka jezi yangu, akaishika kwa vidole viwili akaitupa kitandani.

"Nailoni ikishika moto inayeyukia mwilini. Unataka kuzikwa na timu yako?"

Begi likaning'inizwa nyuma ya mlango, na ole wake atakayeligusa akitafuta tochi.

Halafu zikaja namba, na hapo ndipo nilipochoka.

Kila mtu alipewa namba. Jenerali moja, mke wangu mbili, binti yetu wa miaka kumi tatu, mimi nne. Nikauliza kwa nini mwenye nyumba awe wa mwisho. Akasema wa mwisho ndiye anayehakikisha hakuna aliyeachwa nyuma. Nikaona amenipamba tu.

Kulikuwa na kamba ndefu yenye mafundo manne. Filimbi ikilia, unalowesha taulo, unajifunika kichwa na pua, unashika fundo lako, na safari inaanza kuelekea machimbo ya mawe upande wa pili wa barabara. Huko ni mwamba mtupu, hakuna hata jani la kuungua. Getini mnahesabiana, mkifika mnahesabiana tena, kwa sauti.

"Kwenye moshi macho ni pambo," Jenerali alikuwa akisema. "Sauti ndiyo mtu."

Filimbi mbili, zoezi. Filimbi tatu, moto wa kweli.

Zoezi lilikuwa kila Jumamosi saa kumi jioni. Nani alipanga saa kumi? Jenerali. Mpira unaanza saa ngapi? Saa kumi. Mke wangu alikuwa na bahati yake, Jumamosi huwa zamu ya duka la dawa, kwa hiyo mbele ya majirani wote tukabaki kizee na fimbo, mtoto, na mimi mwanaume mzima na taulo bichi kichwani, tumeshikana kwenye kamba.

Majirani walitoka na viti kutuangalia. Kwenye machimbo kulikuwa na mpasua mawe mmoja wanayemwita Kokoto, kifua kipana, maneno machache. Kila tukifika aliweka nyundo chini akatupigia makofi.

Jumamosi ya tatu nikasema hapana. Heshima ina mwisho wake.

Sasa, tuna mbwa anaitwa Mheshimiwa. Tumemwita hivyo kwa sababu hana kazi na anapenda kulala. Siku hiyo, tulipofika kona ya geti, nikachukua ncha ya kamba, nikaifunga kwenye ukanda wa shingo ya Mheshimiwa, nikamnong'oneza binti yangu:

"Bibi akihesabu, niitikie."

Mtoto huyu ana kipaji cha kuigiza sauti, kakitoa kwa baba yake. Akashusha pumzi, akakaza koo: "Nne!"

Sauti yangu kabisa. Nilitaka kumjibu.

Nikamwahidi pakiti ya biskuti kila Jumamosi, nikarudi stoo kwenye redio yangu. Mheshimiwa akavuta kamba kwa uzito wa kutosha. Bibi mbele haoni, mtoto katikati anaitika, mbwa nyuma anatembea. Nikajiona nimemaliza chuo kikuu cha ujanja.

Tukaenda hivyo miezi mitatu. Biskuti zilinitoka, lakini sikukosa mechi hata moja.

Katikati ya miezi hiyo mambo ya ajabu yakaanza kutokea kwenye stoo.

Kwanza magunia. Nilikwenda kupeleka viti kwa mteja, kurudi magunia mawili hayapo. Wiki iliyofuata, mengine matatu. Mwizi gani anaiba vipande vya sponji? Nikaweka kufuli kwenye mlango, lakini magunia yenyewe yalikuwa nje, yakaendelea kupungua.

Pili, pipa. Asubuhi moja nikajikwaa kwenye pipa la maji nyuma ya stoo, limejaa pomoni, juu yake gunia tupu limelowekwa. Nikauliza nani kaliweka, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Tatu, dirisha. Lile la nyuma lina grili ya chuma iliyofungwa kwa nje kwa boliti nne, na boliti zilikuwa zimeota kutu hadi zimesahau kazi yao. Nikazikuta mpya, zimepakwa grisi. Nikajiambia mwizi wa siku hizi anakarabati kabla ya kuiba.

Hasira ikanipanda siku gunia la mwisho lilipotoweka. Tulikuwa mezani. Nikasema, na ninaandika hapa kwa aibu:

"Mama, kama ulihitaji sponji za kushonea mito yako ungeniomba. Si lazima uchukue kimyakimya."

Mke wangu akaacha kula. Mtoto akaangalia sahani.

Jenerali alipapasa meza, akapata kikombe chake, akanywa hadi mwisho, akainuka na fimbo yake akaenda chumbani.

"Umemwita mama yangu mwizi," mke wangu akasema.

"Sijamwita. Nimemwambia aombe."

Usiku huo nililala nimegeuziwa mgongo, na nilistahili.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, saa nane mchana. Jua kali, upepo unavuma kutoka kilimani, nyasi zimekauka zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Mimi niko stoo namalizia kochi la watu watatu, mahameli ya kijani, la mama mmoja mwenye saluni. Kochi lilitakiwa Jumatatu asubuhi, na mwenyewe alikuwa ameshapiga simu mara sita.

Redio imefunguliwa, mpira umechacha, gundi inanuka. Filimbi ikalia.

Nikafyonza. Jenerali sasa kaongeza na Jumapili!

Nisikilizeni vizuri hapa: filimbi ililia mara tatu. Mimi sikuhesabu.

Fimbo ikagonga ukuta wa stoo. "Baba! Toka!"

"Nakuja, mama!"

Ikagonga tena, kwa nguvu. "Baba!"

"Nimesema nakuja!"

Nikapiga stepla nyingine mbili. Penalti ilikuwa inapigwa.

Ikapita kama dakika tano. Nikaona kitu cheupe kinatua juu ya mahameli yangu. Nikakipangusa, kikaacha alama nyeusi. Kikatua kingine. Majivu.

Nilichungulia mlangoni. Kilima hakikuwepo. Palikuwa na ukuta wa moshi wa kahawia, ndani yake kitu chekundu kinanguruma, na cheche zinapita juu ya paa langu kwa makundi.

Mtu mwenye akili hapo anakimbia. Uwanja wa mbele ulikuwa mweupe kabisa, umefyekwa, geti liko wazi.

Mimi nikageuka nikaangalia kochi.

Siwezi kuwadanganya. Niliwaza: wiki tatu za kazi, nitamwambia nini yule mama wa saluni? Nikaenda nyuma ya kochi, nikalisukuma kuelekea mlangoni kwa nguvu zangu zote.

Likaingia mlangoni, likakwama.

Nimetengeneza makochi miaka kumi na minne. Kila mwanafunzi wangu nilimfundisha kwanza jambo moja: kochi halitoki mlangoni kwa kusukumwa, linalazwa ubavu, miguu inafunguliwa, watu wawili wanalizungusha. Nilikuwa na ufundi wote huo kichwani, na nilisukuma kama ng'ombe.

Sasa kochi limeziba mlango kuanzia chini hadi kifuani, juu yake pamebaki nafasi, na nafasi hiyo imejaa moshi na cheche. Nilijaribu kupanda, mahameli yakaanza kuwaka mbele ya uso wangu. Nikavuta, halivutiki. Nilikuwa nimelipigilia vizuri mno, lile kochi.

Nyuma yangu makopo saba ya gundi.

Nikakimbilia dirisha la nyuma. Nikavunja kioo kwa nyundo, nikashika grili, nikaitikisa. Grili niliyoichagua mwenyewe kwa mchomeleaji nikimwambia "weka nzito, wezi wa hapa wana mikono mizito". Alifanya kazi nzuri sana.

Nikapiga kelele. Nikaita mke wangu, nikaita mtoto, nikaita mama. Halafu nikakumbuka jambo.

Hakuna atakayekuja. Kule wanahesabiana. Na mimi nina mtu wa kuniitikia.

Niliketi chini pale kwenye vumbi la mbao nikalia. Sisemi machozi ya moshi, nililia. Niliwaza binti yangu amekaza koo, "Nne!", na mama yake anashusha pumzi akisema asante Mungu wote tupo. Nilimfundisha mwenyewe. Nilimlipa na biskuti.

Nikasikia chuma kinagonga chuma.

Nikainua macho. Nje ya dirisha kulikuwa na kifua kipana na uso umefungwa kitambaa chenye maji. Mkono umeshika spana.

"Wewe ndiye Namba Nne?" sauti ikauliza.

Ilikuwa Kokoto, mpasua mawe.

"Ndiyo! Ndiyo mimi! Fanya haraka, bwana, gundi, kuna gundi hapa ndani!"

"Naona. Sogea pembeni."

Boliti ya kwanza ikatoka kama kisu kwenye siagi. Ya pili. Ya tatu.

"Mbona polepole hivyo? Tutakufa hapa!"

"Bibi alisema utalalamika," Kokoto akajibu, akafungua ya nne.

Grili ikaanguka. Akanivuta nje kwa kola, akachovya lile gunia kwenye lile pipa, akanifunika nalo kichwani, tukakimbia. Tulikuwa tumefika getini gundi iliposhika. Sikugeuka kuangalia, mgongo uliniambia vya kutosha.

Tukiwa tunavuka barabara nikamuuliza, kwa kukohoa, spana hiyo kaipata wapi kwa haraka namna hiyo.

"Haraka? Ninayo mwezi wa pili huu. Bibi alinikabidhi. Akasema siku ya moto mkwe wangu atakuwa stoo, pita nyuma, dirisha, boliti nne. Mimi mwenyewe ndiye niliyezibadilisha."

Nikavuta gunia kichwani, tukakimbia hadi machimboni.

Nilichokiona nilipofika sitakisahau. Familia yangu ilikuwa katikati ya mwamba, nyuso nyeusi, taulo shingoni. Wamekaa juu ya magunia yangu. Magunia yote kumi na mawili, yamepangwa vizuri, yamefunikwa turubai upande mmoja. Na kwenye ncha ya kamba, kwenye fundo langu, amekaa Mheshimiwa, ulimi nje, salama salimini.

Binti yangu alinirukia shingoni akilia hadi kwikwi.

"Nilizoea, baba! Niliogopa, mikono ikamfunga Mheshimiwa yenyewe, bibi akahesabu, nikaitika, nilizoea!"

"Si kosa lako, mwanangu. Ni langu."

"Nilisema nne, baba!"

"Najua. Uliisema vizuri sana."

Mke wangu alinikumbatia kwa nguvu, halafu akanifinya mkononi hadi nikaruka, halafu akanikumbatia tena. Yeye alikuwa ndani akifunga madirisha wakati fimbo inagonga stoo, na kwenye ule moshi, toka getini, alijua mume wake yuko nyuma yake. Alisikia sauti.

Nikamgeukia Jenerali. Alikuwa amekaa wima juu ya gunia, mikono juu ya fimbo, uso ameuelekeza kilimani asikokuona.

"Mama," nikasema. "Ulijua?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza ya mbwa."

"Kwa sauti?"

"Sauti ilikuwa yako hasa, mtoto ana kipaji. Lakini wewe hujawahi kuitika mara moja maisha yako yote. Wewe ukiitwa unaanza 'lakini mama', unalalamika, unafyonza, ndipo unaitika. Yule nne alikuwa na adabu mno." Akavuta hewa. "Na wewe unanuka gundi. Yule alinuka mbwa."

Kokoto akageuza uso akacheka na mawe.

"Sasa kwa nini hukunikamata?"

"Ningekukamata ungebuni hila nyingine ambayo siijui. Hila ninayoijua naweza kuipangia." Akainua kidole kimoja. "Nilijua siku ya moto hutakuwa kwenye kamba. Utakuwa stoo. Kwa hiyo nikamwandalia njia mtu wa stoo. Magunia yakihamishwa, moto utachelewa kidogo upande wa nyuma. Maji yawepo. Dirisha lifunguke. Leo nilikugongea mara mbili, ukasema unakuja. Nimeishi na hiyo 'nakuja' yako miezi yote hii, najua urefu wake. Nina mtoto mkononi na macho sina, nisingeweza kukuburuta. Nikaja kumwita mwenye spana."

Kokoto akaongezea, kwa upole tu: "Magunia yangekuwepo pale nyuma nisingelifikia dirisha."

Yule niliyemwita mwizi mezani, mbele ya mtoto wake na mjukuu wake, yeye alikuwa anabeba sponji zangu moja moja ili nipate dakika tatu.

Nikapiga magoti pale kwenye mwamba. "Mama, nisamehe. Nilikutukana."

"Inuka, mawe yatakuumiza. Una suruali moja tu sasa hivi."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. Akamwita mke wangu asogee karibu.

"Nilikuambia baba yako alifia kazini," akamwambia. "Sikukuambia vipi."

Mke wangu akaketi kwenye gunia la pembeni yake.

"Kambini watu walikuwa na mchezo wa kuitikiana. Mmoja akitaka kulala kidogo, mwenzake anamwitikia jina wakati wa kuhesabu. Wote waliufanya, ulikuwa utani wa kikosi. Siku hiyo moto uligeuka na upepo, nikawatoa watu wangu, nikawaita majina barabarani kwenye moshi. Baba yako alikuwa amelala bondeni. Nikaita jina lake, rafiki yake akaitika. Nikaweka alama kwenye daftari kwa mkono wangu. Nikasema wote wapo, gari liondoke."

Mke wangu akamshika mikono.

"Mimi ndiye niliyemhesabu," Jenerali akasema. "Mume wangu, na nilimhesabu yupo."

Binti yangu alitoka mapajani mwangu akaenda akajilaza mapajani mwa bibi yake, na yule bibi akaanza kumpapasa nywele zilizojaa majivu, akizitoa moja moja.

Nilimtazama nikaelewa kamba, mafundo, taulo na filimbi. Jumamosi zote zile alikuwa ananihesabu akijua sipo, anakwenda zake nyumbani, anawaza dirisha.

Watu wa zimamoto walifika, upepo ukatulia kabla ya magharibi, tukaruhusiwa kurudi.

Nyumba ilikuwa imesimama. Rangi ya ukuta wa nyuma ilivimba, vioo viwili vilipasuka, lakini moto ulipofika kwenye zile hatua kumi za udongo mtupu ulikosa cha kula ukapita pembeni. Cheche zilitua kwenye mifereji ya paa zikakuta bati safi. Jirani yetu wa kushoto, aliyekuwa akitoka na kiti kutucheka, watu wake walipona lakini paa lake lilianzia kuwaka kwenye majani ya mfereji. Alilala sebuleni kwangu majuma mawili. Sikumwambia neno. Sawa, nilimwambia mara moja.

Stoo ilibaki majivu. Kwenye kochi zilibaki springi, zimesimama mlangoni kwa mstari, bado zimekwama.

Mama wa saluni alipopiga simu ya saba nilimweleza. Akasema, "Kwa hiyo Jumatano?" Watu jamani.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi kamili, filimbi mbili. Siku hiyo mke wangu aliomba ruhusa kazini. Jirani wa kushoto naye akaja na familia yake yote, namba zake zimeanzia sita. Kokoto akaja na spana yake mfukoni, maana anasema sasa amezoea kutembea nayo.

Nilikuwa kwenye fundo langu. Jua lilikuwa kali, taulo linanitiririkia mgongoni, na huko redioni mechi ndiyo kwanza imeanza.

"Moja ni mimi," Jenerali akaita.

"Mbili."

"Tatu!"

"Nne?"

"Lakini mama, jua lote hili, si tungesubiri hata saa kumi na moja, watu tumechoka, halafu hili taulo..."

Akasimama. Akageuka, akarudi nyuma akipapasa kamba fundo kwa fundo hadi kwangu, akaniwekea mkono kifuani, akavuta hewa. Gundi.

"Yupo," akasema.

"Nne, mama. Nipo."

Kisha akaita tano, Mheshimiwa akabweka.

Funzo langu ni fupi, maana nina sponji za kukata. Kama una nyasi kavu nyuma ya nyumba, weka simu chini nenda kafyeke, hii stori haitaungua. Panda uangalie mifereji ya paa lako. Weka begi nyuma ya mlango, na wanao wajue mnakutania wapi. Kochi laza ubavu. Na yule mkorofi wa nyumbani kwako anayekusumbua kila Jumamosi ajue kama upo, akikuita, lalamika unavyotaka, lakini itika mwenyewe.